Dakika tatu zilivyoniumbua Ruangwa

Leo sina umbea wa mapenzi wala wa mastaa. Leo najiumbua mwenyewe.

Iko hivi. Wiki iliyopita mdogo wangu alinipa flashi yake nimwekee nyimbo. Kabla kompyuta haijamaliza, akaichomoa na kukimbia nje, eti boda inamsubiri. Alipofika kwake akanipigia simu kwa ukali: "Dada, nyimbo zako zinakata!" Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikaacha kucheka, maana nilimkumbuka mzee mmoja wa Ruangwa.

Kidato cha nne nilimaliza mwaka 2014, na matokeo yalipotoka, we acha tu. Yalikuwa yanachechemea. Mwaka uliofuata, nikiwa na miaka kumi na minane, nikapata kibarua kwenye kibanda kimoja pale mjini Nachingwea, si mbali na stendi. Tulikuwa tunatoa fotokopi, tunachapa barua, tunapiga picha za pasipoti na kuchaji simu. Lakini kazi iliyokuwa inaleta mshiko kuliko zote ilikuwa moja tu: kuchoma CD.

Wewe uliyezaliwa juzi usicheke. Mwaka 2015 kwetu CD ilikuwa bado na heshima zake. Nyumba yenye deki na sabufa ilikuwa inajulikana mtaa mzima. Na niseme ukweli, nyingi tulizokuwa tunachoma zilikuwa kazi za wasanii ambao hawakuambulia hata senti tano kwetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu mwaka 1999, sisi tukajifanya haituhusu. Huo ulikuwa wizi, na siutafutii jina zuri.

Lakini kilichoniumbua si huo. Ni haraka.

SPIDI 52, MWANAWANE!

Mtambo wetu ulikuwa dubwana la mtumba, Pentium 4 yenye Windows XP. Lilikuwa na milango miwili ya CD: wa juu unasoma, wa chini unachoma. Ule wa chini tulikuwa tunauita raita. Bosi wangu alikuwa anaisifia raita yake kuliko alivyokuwa anamsifia mkewe. "Hii inachoma spidi 52," alikuwa anawaambia wateja, na wateja wanatikisa vichwa kama vile wameelewa.

Ngoja nikueleweshe wewe, maana mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. CD zilianza kuuzwa mwaka 1982, kazi ya Sony na Philips. Humo ndani muziki umekatwakatwa vipande, vipande 44,100 kwa kila sekunde, tena sikio la kushoto na vyake na la kulia na vyake. Spidi 1 maana yake raita inachoma kwa mwendo uleule wa kusikiliza. CD ya dakika 80 inachukua dakika 80. Spidi 16 inachukua kama dakika tano. Spidi 52 ungedhani ni dakika moja na nusu, lakini wapi! Raita haifiki 52 mpaka ikaribie ukingo wa nje wa CD. Huko katikati inakoanzia inakwenda chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo CD nzima inakula dakika mbili na ushee, wakati mwingine inakaribia tatu.

Piga hesabu sasa. Kati ya spidi 16 na spidi 52 unaokoa nini? Dakika tatu tu, na hazitimii. Zikumbuke hizo dakika.

Sasa kuna kitu kinaitwa bafa. Kwetu Nachingwea maji tunayajua kwa shida zake, kwa hiyo fikiria simtanki. Juu yake kuna bomba linaloleta maji, chini kuna koki inayotoa. Kompyuta ndiyo bomba, bafa ndiyo simtanki, raita ndiyo koki. Koki ikiwa kubwa kuliko bomba, simtanki linakauka. Kwa spidi 16 raita inameza muziki karibu baiti milioni 2.8 kila sekunde. Kwa spidi 52 inataka zaidi ya milioni 9. Bomba la kompyuta ya mtumba linazitoa wapi?

Na mwali unaochoma, kwa raita za zamani, haukuwa na subira. Simtanki likikauka katikati ya kazi, basi, CD imekufa. Pale kibandani tulikuwa na lundo la marehemu hao. Wengine walikuja kuwaomba wakawatundike shambani kutishia ndege.

Kuanzia mwaka 2000 kampuni ya Sanyo ilileta ujanja wa raita kusimama bafa ikikauka, ikumbuke ilipoishia, kisha iendelee. Wengine nao wakaja na ya kwao. Kwenye programu ni kijisanduku tu cha kuweka tiki. Sisi tiki ile tuliiona kama hirizi. Ukishaiweka, hakuna baya litakalokupata. Kumbe!

MZEE NA MFUKO WA RAMBO

Ilikuwa Novemba, malipo ya korosho yametoka, mji umechangamka balaa. Foleni kibandani ilifika mpaka barabarani. Akaingia mzee mmoja, kanzu safi, baraghashia kichwani, mkononi mfuko wa rambo uliokunjwa mara nne.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Fundi yuko?"

"Fundi ndiye mimi, babu."

Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye kandambili. "Haya," akasema, "Mungu ndiye anayegawa." Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kipande cha khanga, na ndani ya khanga CD moja.

Mkewe alikuwa amefariki. Jumamosi ilikuwa arobaini yake kule Ruangwa, na watoto wake saba walikuwa wanakuja, wa Dar, wa Mtwara, wa Songea, kila mmoja na kwake. Mwaka 2006 mjukuu wao mmoja alimrekodi bibi kwenye kanda, akitoa hadithi na kuimba nyimbo za kubembelezea watoto kwa Kimwera. Kanda ikahamishiwa kwenye CD. Kanda yenyewe ililiwa na mchwa.

"Nataka saba," mzee akasema. "Kila mtoto na yake. Sauti ya mama yao imebaki humu tu."

Niliitazama ile CD. Ilikuwa imekaa dirishani miaka kadhaa, imechujuka rangi, ina mikwaruzo kama kiganja cha mlimaji. Hapo ndipo fundi wa kweli angesema, "Babu, hii kazi niachie mpaka kesho." Lakini bosi alikuwa nyuma yangu: "We binti, piga 52! Gari la Ruangwa linaondoka saa tisa, na hao wengine unataka walale hapa?"

Nikaiweka CD ya bibi mlango wa juu, tupu nikaiweka wa chini, nikaamuru kompyuta ihamishe moja kwa moja. Kipanya kikaanza kukwamakwama kwenye kioo. Ya kwanza ikafia njiani. Ya pili ikafia njiani. Ya tatu nikakumbuka hirizi yangu, nikaweka tiki. Ikapita! Nikachoma saba mfululizo. Sikusikiliza hata moja, mpenzi msomaji. Hata sekunde kumi. Masikio yangu yalikuwa kwa bosi.

Elfu mbili mara saba, elfu kumi na nne. Mzee akatoa elfu kumi na tano. "Hiyo elfu moja ya soda, mjukuu wangu."

SIMU YA JUMAPILI

Namba ngeni. Sauti ya mwanamke.

"Wewe ndiye fundi wa CD wa Nachingwea?"

"Ndiyo dada, nikusaidie nini?"

Alinisimulia taratibu, bila kupiga kelele, na afadhali angepiga. Baada ya dua na chakula walikaa wote chini ya mwembe, wakawasha deki na sabufa ya jirani. Bibi akaanza hadithi ya sungura. Watu kimya. Mara sauti ikakwama, "su-su-su-su-su," kama mbuzi aliyekabwa. Ikaruka mbele. Ikakwaruza. Ikakwama tena. Watoto wadogo wakaangua kicheko, si kosa lao, ni watoto. Wakajaribu ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Mzee akainuka akaingia ndani.

"Baba hajazungumza na mtu tangu jana," akasema, akakata simu.

Kijasho chembamba kikanitoka. Nikamweleza bosi. Akacheka: "Mwambie CD yake ilikuwa mbovu tokea huko." Na lilikuwa jibu rahisi, tena nusu yake kweli. Lakini usiku usingizi haukuja. Kila nikifumba macho nasikia "su-su-su".

Jumatatu asubuhi nikachukua boda kwenda Ruangwa. Barabara wakati huo ilikuwa vumbi tupu, nikafika nimekuwa mwekundu mpaka nyusi. Njiani nikawa najisemesha mwenyewe. Ruangwa si ugenini kwetu, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea mpaka ilipopata wilaya yake mwaka 1995. Na sisi watu wa Nachingwea ndio tulipaswa kuijua haraka kuliko wote. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, wakafyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa matrekta kabla hawajaijua vizuri ardhi wala mvua zake. Wakatujengea na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, na reli yenyewe ikafungwa mwaka 1962. Wazee wetu bado wanausimulia. Nami mjukuu wao nikarudia kosa lilelile kwa CD saba.

"ULIKUWA UNAKAANGA MIHOGO?"

Mzee alinipokea. Sikutegemea. Nilipiga goti, nikatoa shikamoo, akaitikia. Binti yake, yule wa kwenye simu, aliniletea chai, ila macho yake yalikuwa yanaongea lugha nyingine. Nikasema nimekuja kurekebisha, na kama haiwezekani, basi nimekuja kuomba radhi.

Wakanipeleka kwa fundi redio mmoja karibu na sokoni, mtu mzima, aliyeanza na kanda enzi hizo na baadaye akajifunza kompyuta. Akaigeuza CD ya bibi kwenye mwanga.

"Ulichoma kwa spidi gani?"

"Hamsini na mbili, fundi."

"Mwanangu, ulikuwa unachoma CD au ulikuwa unakaanga mihogo?"

Waliokuwepo wakacheka. Nikacheka na mimi, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Yule baba alinifundisha kwa saa tatu nisiyofundishwa kwa mwaka mzima. Kwanza akaiosha CD kwa maji safi na sabuni kidogo, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Usifute kwa kuzunguka, akasema, maana mkwaruzo unaofuata duara unaharibu muziki mfululizo, na ule unaokata kwenda nje unaugusa kidogo tu kila mzunguko.

Pili, hakuhamisha CD kwa CD. Aliisoma kwanza yote ikaingia kwenye diski ya kompyuta, kwa spidi 4, tena pale ilipogoma akairudia na kuirudia. Akanieleza kosa langu. Mlango wa juu ulipokutana na mikwaruzo ya bibi ulipunguza mwendo ili ujitahidi kusoma, wakati mlango wa chini unadai muziki kwa spidi 52. Simtanki likakauka.

"Lakini niliweka tiki," nikajitetea.

"Tiki inaokoa CD tupu isife," akasema. "Haiokoi sauti. Kama kilichosomwa ni uchafu, raita itakuchomea uchafu huohuo kwa uaminifu."

Kisha akanipa somo ambalo sijalisahau mpaka leo. CD ya mafaili na CD ya nyimbo si sawa. Zote zimegawanywa vijisehemu, 75 kwa sekunde kwa mwendo wa kawaida. Kwenye ile ya mafaili, kila kijisehemu kina baiti 2,048 za mzigo wenyewe, na nafasi iliyobaki imewekewa ulinzi wa ziada wa kugundua na kusahihisha makosa. Kwenye ya nyimbo, baiti zote 2,352 ni muziki. Ulinzi upo, ila ni mdogo. "Kwa hiyo faili likiharibika, kompyuta inakataa, inakwambia wazi," fundi akasema. "CD ya nyimbo haikwambii. Inaliimba kosa."

Akaniuliza kama kipanya kilikuwa kinakwamakwama. Nikashangaa kajuaje. Akasema Windows XP ina tabia yake. Mlango wa CD ukigoma kusoma na makosa yakazidi sita, inaushusha kutoka njia ya haraka inayoitwa DMA mpaka njia ya kizamani inayoitwa PIO. Huko kompyuta nzima inakuwa mbeba mizigo wa mlango mmoja, na hairudi juu yenyewe. Dawa yake ni kuingia kwenye orodha ya vifaa, kuifuta ile njia na kuwasha kompyuta upya, ijipange tena. Niliporudi Nachingwea nikakagua. PIO, kama alivyosema! Huenda tuliangamiza CD miezi kadhaa tukimlaumu muuza CD tupu.

WIMBO WA TISA

Jua lilikuwa linazama tulipomaliza kusoma. Vipande kumi na moja. Tukavisikiliza vyote kwa masikio, mwanzo hadi mwisho, mzee akiwa amekaa kwenye stuli. Sungura akapita salama. Nyimbo zikapita. Kimwera changu ni cha kuombea maji, lakini sauti ile haikuhitaji mkalimani.

Wimbo wa tisa ukafika katikati, ukakatika. Kimya. Kama sekunde ishirini hivi. Fundi alikuwa amejaribu kila njia, kipande kile kimeshaliwa na jua la dirishani. Nikainamisha kichwa.

Ndipo nikasikia mzee anaimba. Chini kwa chini, kwa sauti iliyochoka, akiendeleza maneno palepale mkewe alipoachia. Sauti ya bibi iliporudi, yeye akanyamaza, akaiacha iendelee. Binti yake akafunika uso kwa khanga. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Tukachoma saba kwa spidi 16. Moja moja. Kila moja tukaisikiliza kabla ya kuigusa inayofuata.

Nilikuwa nimebeba elfu kumi na tano za mzee, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akahesabu, akachukua elfu kumi na nne, akanirudishia moja. "Hii ilikuwa ya soda. Soda haidaiwi."

Mpenzi msomaji, mambo ya CD sasa yamepita. Kompyuta nyingi mpya hata mlango wake hazina. Lakini bafa haijafa, imehamia kwenye flashi yako. Ile uliyoichomoa kabla kompyuta haijakuruhusu, simtanki lilikuwa bado lina maji hayajafika. Subiri, iambie kompyuta unaitoa, ndipo uchomoe. Na kabla hujampa mtu kazi yake, isikilize kwa masikio yako. Haichukui muda.

La mwisho ndilo kubwa. Kuna CD iko kwenu, juu ya kabati au chini ya kitanda. Ya harusi ya mama, ya mawaidha ya babu, ya kwaya aliyoimba shangazi. CD za kuchomwa zinakufa zenyewe kwa jua na joto, hata usipozigusa. Itoe leo, ioshe taratibu, tafuta mwenye raita, mwambie aisome kwa spidi ndogo na kuihifadhi sehemu mbili. Akikwambia ana haraka, ondoka tafuta mwingine.

Mimi bosi wangu aliniuliza niliporudi: "Umepoteza siku nzima kwa CD saba?" Nikamwambia ndiyo. Halafu nikaishusha raita yake mpaka 16, na sikuipandisha tena mpaka siku niliyoacha kazi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.